Mstari Mmoja Mwekundu

Siku yangu ya kwanza ya ualimu sikushika chaki. Nilifika shuleni, juu kidogo ya Bwera kwenye njia ya Karambi, kabla ya saa moja asubuhi, mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata uhuru wa Uganda. Nilivaa gauni la kola nyeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa mpaka likakaribia kuungua. Nilitoka chuoni na cheti cha Daraja la Pili, na masomo ya muhula mzima nilikuwa nimekwisha kuyaandaa. Hedimasta hakuyatazama. Aliniketisha ofisini mwake, akaweka mbele yangu vitabu viwili na chupa mbili za wino, mweusi na mwekundu, akanifundisha kuandika majina ya watoto hadi jua likatua.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu wangu wametawanyika, wengine Kasese, wengine Butembo, na lugha inayotukutanisha ni hii. Tena wawili kati yao ni walimu. Wananicheka ninapowauliza habari za rejista kabla ya kuwauliza habari za watoto wao. Wakishasoma hapa labda wataacha kucheka.

Hedimasta wetu alikuwa Mtooro, mtu wa kaptula yenye mkunjo mkali na soksi zilizopanda hadi magotini. Alikuwa amehudumu jeshini wakati wa vita vya Wazungu, na kila alipotaka jambo likae kichwani mwako alilisema kwa Kiswahili cha kambi. Kitabu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa kitabu cha kuingilia. Kila mtoto aliandikwa humo mara moja tu, siku alipoanza shule: namba, jina, jina la baba, kijiji, dini. Cha pili kilikuwa rejista ya mahudhurio, ambamo uliweka mshazari mmoja asubuhi na mwingine mchana mtoto akiwapo, na duara asipokuwapo. Wino ni mweusi. Mwekundu ni wa kazi moja tu.

"Hii kitabu hapana futa," aliniambia. "Iko kosa? Piga laini moja, nyekundu. Andika juu yake. Weka sahihi. Basi."

"Kwa nini laini moja tu, bwana?"

"Ili mtu ya kesho aone jana iliandikwa nini."

Mimi niliona ni ukali wa kizee tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mwandiko mzuri, nikaamini sitakosea.

Kazi yenyewe ya majina haikuwa rahisi. Sisi Bakonzo tunaitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mimi ni Masika kwa kuwa ni binti wa kwanza, na mvulana wa pili katika kila nyumba ni Bwambale. Darasa la watoto arobaini liliweza kuwa na Bwambale watano, na kilichowatofautisha ni jina la baba peke yake. Ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Kongo, ndugu zetu wana desturi hiyohiyo, ila wao mvulana wa pili humwita Kambale. Hedimasta jambo hili lilimchosha. "Nyinyi watu hamna majina," alinitania, "mna namba." Nikamjibu kwamba namba zetu hata Mungu anazijua, akacheka mpaka akavua miwani.

Watoto walikuja bila karatasi yoyote. Umri tulipima kwa sikio: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili ameiva kwa darasa la kwanza, usipogusa anarudi nyumbani kukua. Akina mama walikuwa wanawavuta watoto mikono njiani ili irefuke. Madarasa ya chini tulifundisha kwa Kitooro, lugha ya hedimasta, kwa amri ya serikali, hata kama mtoto hajui neno lake moja. Mimi nilisema neno kwa Kitooro kwa sauti, halafu nikapita kati ya viti nikilinong'ona kwa Lhukonzo, lugha yetu. Kila mwalimu Mkonzo alifanya hivyo, na kila mkaguzi alipokuja tulikuwa hatunong'oni.

Michezo nilipewa kwa sababu hedimasta aliniona nikiruka mtaro na vitabu mkononi. Uwanja wetu ulikuwa mteremkoni, na mpira ukipigwa vibaya ulikwenda kulala kwenye mihogo ya watu. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Timu za mbio tulizipanga kwa kimo, maana umri hakuna aliyeujua: unaweka kijiti ukutani, anayepita chini yake yuko kundi la wadogo. Nilichokipenda kuliko vyote ni mbio za kupokezana. Watoto wanne, kijiti kimoja, sisi tulikikata kwenye mpini wa jembe. Nilikuwa nikiwaambia kila jioni: anayepokea hatazami nyuma. Ananyoosha mkono na kuamini.

Kisha wakaja watu wa Kongo. Upande wa Beni kulikuwa na vita, na kila siku ya soko pale Mpondwe, mpakani, tuliona familia zikivuka na magodoro kichwani. Asubuhi moja mama mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni, tuliyemwita Mama Mawese na hatukumjua kwa jina jingine, alisimama mlangoni mwa darasa langu akiwa amemshika mvulana begani.

"Mwalimu, nakuletea huyu mutoto," alisema. "Haiko wangu. Tulimukuta mu njia. Baba yake alibakia nyuma kumubeba mama yake, alikuwa mugonjwa. Alisema atatufwata."

"Lini hiyo?"

"Iko miezi mbili."

Nikampima mvulana sikio. Mkono ulipita ukafika hata shingoni, akawa mkubwa wa kutosha kwa darasa la tatu. Nikamwuliza jina. Kambale. Nikamwuliza jina la baba, akalitaja taratibu, silabi moja moja, akiangalia nibu ya kalamu yangu kama inafuata. Alisimama mpaka wino ukakauka, ndipo akaenda kukaa.

Kesho yake nilipoita rejista, wengine wote waliitika kama walivyofundishwa. Yeye akainuka wima, mikono ubavuni, akasema, "Prezan," yaani nipo. Darasa zima likacheka. Baada ya wiki mbili darasa zima lilikuwa linaitika "Prezan," na hedimasta akaja kuniuliza kama nimefungua shule ya Kifaransa.

Alikuwa mtoto wa kimya, msafi wa daftari, aliyeweka kamstari katikati ya namba saba. Lakini uwanjani alikuwa mtu mwingine. Sijapata kuona mtoto akikimbia vile, kifua mbele, bila kelele. Nilimweka wa mwisho kwenye mbio za kupokezana, na tulipojaribiana na shule za jirani, mara tatu alipokea kijiti tukiwa nyuma na mara tatu akakifikisha cha kwanza. Siku moja nilimwuliza anawaza nini akikimbia. Akasema, "Nawaza papa iko pale mbele." Papa kwao ni baba.

Mwaka alipokuwa darasa la tano, yule hedimasta wa kaptula alipandishwa cheo akawa Mkaguzi wa Shule, akaondoka. Kabla mrithi wake hajaja, nafasi ikashikwa na mwalimu mzee aliyesubiri tu pensheni, na mimi ndiye niliyetunza vitabu vyote. Hapo ikafika barua kutoka kwa Katibu wa Michezo. Mashindano makubwa yangefanyika Kasese, na kila shule ilete timu pamoja na kitabu chake cha kuingilia, maana watoto wa wakimbizi hawaruhusiwi.

Niliisoma barua ile mara mbili. Watoto wangu walikuwa wamejiandaa mwaka mzima. Nikaona ni dhambi, na mpaka leo naona barua ile ilikuwa ya dhambi. Lakini kosa la katibu ni la katibu, na langu ni langu.

Kufuta wino kulihitaji ufundi, na ufundi huo tuliujua wote ingawa ulikatazwa. Unachukua wembe mpya, unaulaza, unakwangua taratibu mpaka neno lipotee. Kisha unasugua kwa ukucha na kupaka vumbi la chaki ili wino mpya usisambae. Niliwabakiza watoto wa timu baada ya masomo kupimwa kimo, na Kambale akanikuta mezani.

"Mwalimu, unafanya nini na jina yangu?"

"Naliazima. Utakuwa Bwambale kidogo. Si ni lilelile?"

Akafikiri. "Na ya papa?"

"Na ya papa. Wakiona jina la Kongo watakurudisha. Jumatatu tukitoka Kasese nitayarudisha yote mawili."

Nikakwangua jina la baba yake, nikaandika la kaka yangu. Nikakwangua Beni, nikaandika Karambi. Kazi ilitoka safi mno. Mstari mmoja mwekundu ungemwonyesha katibu kila kitu, ndiyo maana sikuupiga.

Kasese tulishinda. Kijiti kilimfikia akiwa wa tatu, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaenda. Zawadi ilikuwa kikombe cha enameli kwa kila mkimbiaji, cheupe chenye ukingo wa buluu. Kipaza sauti kilipotangaza "Bwambale" hakuinuka. Nilimsukuma mimi mgongoni.

Jumatatu ikafika. Tulikuwa tumealikwa kwenye mashindano mengine, nikasema nitayarudisha yakiisha. Yakaisha, nikawa na mitihani. Nikasema muhula ujao. Nataka nisiwadanganye: hakuna kilichonizuia. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na kila siku ilikuwa na dakika tano. Mwisho wa mwaka ikaja barua ya uhamisho wangu kwenda Bulembia, nikafunga sanduku nikaondoka.

Bulembia palikuwa mjini kwa macho yetu, kwa sababu ya mgodi wa shaba. King'ora cha mgodi ndicho kilichokuwa kengele yetu, na watoto wa wachimbaji waliongea lugha sita kwenye mchanga mmoja, wakikubaliana kwa Kiswahili. Bosi wangu alikuwa hedimistresi wa Kiganda, mama mpole asiyeinua sauti, aliyekwambia "gyebale", yaani ahsante kwa kazi, hata ulipochelewa mpaka ukaona haya ukaacha. Nilikuwa na furaha kule. Kila nilipomkumbuka Kambale nilimkumbuka akikimbia.

Muhula wa tatu Mkaguzi akaja. Niliona soksi zake kwa mbali nikafurahi, nikaandika tarehe ubaoni vizuri. Hakukagua somo. Aliwatoa watoto uwanjani, akafunga mlango, akaweka mezani kitabu cha kuingilia cha shule yangu ya kwanza. Akafungua ukurasa, akauinua mbele ya dirisha. Mahali pale karatasi ilikuwa imekonda, mwanga ukapita.

"Masika," alisema. Hakusema kwa Kiswahili cha kambi safari hii, alisema kwa sauti ya chini. "Hapa palikuwa na nini?"

Nikamwambia. Naye akanieleza.

Likizo ya muhula wa pili, mzee mmoja alifika shuleni kwa miguu kutoka Kongo. Mkewe alikufa njiani, yeye akakamatwa na wenye bunduki, akakaa mikononi mwao muda mrefu kabla ya kuachiliwa. Alikuwa amepita kila parokia na kila shule ya upande ule wa mto akimtafuta mtoto wake Kambale. Walimu walikuwa makwao. Mama Mawese alikuwa amekwenda Ibanda kuuza mafuta, na mvulana alikwenda naye kumbebea madebe. Aliyekuwapo ni hedimasta mpya peke yake, mgeni wa wiki mbili, naye hakujua lolote la Bakonzo, wala kwamba Kambale wa ng'ambo ya mto ni Bwambale wa huku. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alimkalisha yule mzee kivulini, akampa maji, akafungua kitabu akapitisha kidole kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Kambale hakuna. Akarudia tena kwa kutafuta jina la baba. Hakuna. Kijiji, Beni. Hakuna.

"Alimwambia hakuna, kwa sababu hakuna," Mkaguzi alisema. "Mzee akasema atajaribu kwenye kambi za wakimbizi, halafu atarudi kwao. Akashukuru. Akaenda."

Shule ilipofunguliwa, hedimasta yule aliwapanga watoto mstarini akauliza kama kuna anayemjua mtoto anayeitwa Kambale, maana baba yake alipita kumtafuta wiki tatu nyuma. Nyuma kabisa, kwenye mstari wa darasa la sita, mtoto mmoja akajibu, "Prezan."

Wenzake wakacheka. Walidhani anafanya mzaha, maana tangu Kasese alikuwa akiitwa Bwambale. Yeye akatoka mstarini, akapita mbele ya hedimasta, akapita kwenye uwanja, akakimbia kuelekea mtoni. Walimu wawili walimfuata kwa baiskeli hadi Mpondwe wasimfikie. Na nani angemfikia? Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nililia pale mezani bila kuficha uso. Mkaguzi akasema, "Nilikwambia siku ya kwanza," akafunga kitabu, akatoka. Hakuniandikia barua ya onyo. Afadhali angeniandikia. Mama Mawese alivuka mwezi uliofuata kumtafuta mtoto, na sokoni hakurudi tena.

Miaka ya sabini nitaipitia upesi, maana mnaijua kwa kusimuliwa. Chaki ikaadimika, tukaandika kwa mihogo mikavu. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanane, wa pembeni wakajifunza kusoma herufi zikiwa zimelala upande. Siku moja afisa wa jeshi aliingia darasani kwangu na fimbo yake, akaketi kwenye kiti changu.

"Wewe mwalimu, lete hii rejista. Nataka jina ya baba ya hii watoto yote."

"Afande, rejista iko kwa hedimistresi."

Ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko chake. Nilijua alikuwa akimtafuta baba wa nani. Akainuka akaondoka. Ajabu ni kwamba hata siku ile sikukwangua jina la mtu. Nilikihamisha kitabu kizima nikakificha kwenye pipa la unga.

Utawala wa jeshi ulipokuwa unaanguka, askari waliokuwa wakikimbia walipita kwetu, nasi tukavuka mto kwa hofu. Safari hii magodoro yalikuwa vichwani mwetu. Nilifika Beni na watoto wangu watatu, na kanisani katekista mmoja akatuandika kwenye daftari. Aliniuliza jina langu, akaandika. Akaniuliza la baba yangu, akaandika. Nilisimama mpaka wino ukakauka.

Nilikaa Beni miezi miwili, na kila siku ya soko nilitafuta. Kwa muuza chumvi, kwa fundi baiskeli, kwa padri. Mama mmoja wa ndizi alinicheka, si kwa ubaya.

"Kambale gani, mama? Hapa kila nyumba iko na Kambale. Hata mubwana wangu ni Kambale."

"Alikuwa anakimbia sana. Alisoma Uganda."

"Vijana yote inakimbiaka. Kambale wa nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikiona kitabu, niliiona safu ya jina la baba, nikaiona nibu ikienda silabi moja moja. Jina lenyewe halikuja. Yule mama akanihurumia, akanipa ndizi mbili bila kudai kitu. Niliketi kando ya barabara nikajaribu majina yote ninayoyajua ya upande ule, nikiyatamka kwa sauti, na hakuna lililokaa mdomoni kama lile. Waliolijua ni mvulana, baba yake, Mama Mawese na yule hedimasta mpya. Huyo wa mwisho nilimwandikia tuliporudi nyumbani, nikajibiwa na mjane wake.

Nilistaafu salama. Walinipa mbuzi na saa ya ukutani, wakasema katika hotuba kwamba rejista zangu zilikuwa safi kuliko zote, nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu. Vijana wananiuliza siri ya kazi. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na mimi wangu amekuja kuishi kabisa. Watendeeni watoto wema, hata kwa kuvunja sheria ikibidi. Ila msiwafiche mpaka wanaowatafuta wasiwaone.

Wiki iliyofuata kustaafu kwangu nilipanda hadi ile shule ya kwanza. Hedimasta wa sasa alikuwa mwanafunzi wangu. Aliniachia ufunguo wa stoo. Kitabu kilikuwa chini kabisa, mchwa wamekula pembe moja tu. Nikakipeleka dirishani, nikatoa wino mwekundu.

Nilipiga mstari mmoja juu ya Bwambale, nikaandika juu yake Kambale. Karatasi ilikuwa imekonda, wino ukasambaa kidogo, lakini linasomeka. Nilipiga mstari juu ya Karambi, nikaandika Beni. Nikahamia safu ya baba, nikapiga mstari mmoja juu ya jina la kaka yangu. Juu yake sikuwa na la kuandika. Nikaacha wazi, nikaweka sahihi.